Tundu la Kumi

Provia alipasha msumari kwenye jiko la mkaa mpaka ncha ikawa nyekundu, akaushika kwa koleo, akatoboa ukanda wa ndani wa helmeti ya mumewe. Plastiki ilitoa moshi na harufu mbaya iliyojaa chumba kizima. Hilo lilikuwa tundu la tisa. Helmeti ilipotoka stoo ya kiwanda, miaka mitatu nyuma, ukanda ule ulikuwa na matundu yake ya kutosha, na Kakuru aliivaa kwenye tundu la katikati kama wanaume wengine. Haya tisa yalikuwa ya Provia. La leo alilitoboa nusu kidole tu kutoka lile la kabla yake, kwa kubana matumizi, maana ukanda ulikuwa unakwisha.

"Jaribu," alisema.

Kakuru aliivaa kwa mikono miwili, akaisukuma chini kama mtu anayeziba chupa. Ilikaa, lakini ilikaa juujuu.

"Inabana?" Provia aliuliza.

"Saa kumi na mbili na robo," Kakuru alijibu. "Ocan atakuwa ananingoja."

Akachukua mfuko wake wa chakula akatoka. Provia alibaki na msumari mkononi, akisikiliza viatu vyake vya kazi vikienda mbali kwenye changarawe.

Tangu ianze, shida ile haikuwa na jina. Kwanza lilivimba shavu la kushoto, gumu, bila usaha. Watu wakasema ni jino. Kakuru akaenda mjini Kasese akang'olewa magego mawili mazima yasiyo na kosa lolote, na shavu halikujali. Wakasema ni baridi ya machimbo. Provia akapasha chumvi ya Katwe kwenye kikaango, akaifunga kwenye kitambaa, akalikanda shavu lile kila jioni kwa miezi miwili mpaka ngozi ikababuka. Kisha paji la uso nalo likaanza kujitokeza juu ya nyusi, gumu na pana, na wenzake kazini wakampa jina la Mbogo. Kakuru alilipenda jina hilo. Mbogo wa kule mbugani si mnyama wa kuchezewa, na mwanaume wa miaka hamsini na minne aliona afadhali aitwe mbogo kuliko aitwe mgonjwa.

Waliosema sikio halizidi kichwa hawakumjua Kakuru. Kwake kichwa kilikuwa kimeamua kulionyesha sikio nani mkubwa, kikalibana mpaka likanyamaza. Redio ya nyumbani ilifunguliwa mpaka mwisho, majirani wakilalamika, naye akisema betri zimechoka.

*

Wafanyakazi wa machimbo waliishi kwenye safu ya vyumba vya kiwanda cha saruji kilichomiliki machimbo hayo, nje kidogo ya mji. Walitoka pande zote za nchi, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, kila mtu akikivunja kwa namna ya kwao. Chumba kilikuwa cha kiwanda: kazi ikiisha, ufunguo unarudi. Ainembabazi, binti yao wa pekee, alikuwa shule ya bweni, na mwisho wa mwaka huo angefanya mtihani wa kidato cha nne. Kila mara Provia alipofikiria ule ukanda wa helmeti, aliwaona wote watatu wamekaa juu yake.

Jumanne jioni alimkuta Ocan bombani. Ocan alikuwa Mucholi mrefu kutoka kaskazini, aliyefanya kazi bega kwa bega na Kakuru ngazi ya chini ya machimbo, wakibandua mawe yaliyolegea kwa mitaimbo. Alimsaidia Provia kujitwisha dumu, kisha akabaki amesimama.

"Mama Aine, iko neno," alisema. "Jumatatu mimi nahama. Nimepelekwa krasha, kule kwa kusaga mawe."

"Vizuri basi. Vumbi itapungua?"

"Hapana vumbi nataka kusema." Ocan alitazama huku na huku. "Mzee hapana sikia king'ora ya baruti."

Provia aliona dumu limekuwa zito ghafla. "Anasema anasikia."

"Najua anasema. Lakini ni mimi. King'ora nalia, mimi naguza yeye kwa bega mara mbili, yeye nachukua mtaimbo, tunatoka. Tangu Pasaka iko hivyo. Siku moja nilisema acha nijaribu, nikakaa kimya. King'ora ikalia mara ya kwanza, mara ya pili, yeye anagonga mawe tu. Nikaogopa, nikavuta yeye."

"Si kuna bendera nyekundu?"

"Chini pale hauoni bendera. Kifusi nafunika." Ocan akashusha sauti. "Kijana nachukua nafasi yangu hajui hii maneno. Nikiambia yeye, itafika kwa msimamizi, afande Tsongo. Sitaki mimi niwe mutu ya kula kazi ya rafiki yangu. Wewe ni bibi yake. Wewe fikiri."

Akaondoka, akamwachia mzigo wa pili usiobebeka kichwani.

Provia alijaribu usiku huohuo. Alikaa mbele ya mumewe, akatamka kila neno kwa midomo: Baba Aine, king'ora unakisikia kweli? Kakuru alicheka. "Kile? Kile hata maiti anakisikia. Kinanijia kwa mbali, lakini kinanijia." Akaongeza kwamba Ocan ana tabia ya kumgusagusa bega kama mtoto, atafurahi akihama.

Baruti ililipuliwa Jumatatu na Alhamisi, saa saba mchana. Alhamisi ile Provia alikuwa anachambua mchele. King'ora kilipolia mara tatu, sauti ikipita juu ya mabati ya vyumba, alisimama na ungo mkononi mpaka ardhi ilipotikisika. Alisema moyoni, Ocan yupo, Ocan bado yupo. Kisha akaona mchele wote umemwagika miguuni.

*

Jumamosi walikwenda Bwera kupiga picha ya eksirei ya kichwa. Mjini Kasese picha zinapigwa, lakini Kasese kila benchi la hospitali lina mke wa mfanyakazi wa kiwanda, na habari ingewatangulia nyumbani. Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, hakuna aliyewajua. Hilo ndilo walilolitaka, na hilo ndilo lililowaumiza, kwa sababu asiyekujua hana sababu ya kukuonea haya.

Kakuru alivaa kofia ya pama aliyoazima, ikamkaa juu ya kichwa kama kifuniko kisicho chake. Kwenye benchi la kliniki, mwanamke mmoja aliyevuka mpaka na mtoto mwenye homa alimtazama bila kupepesa.

"Mama, huyu muzee iko na nini kwa kichwa?" alimuuliza Provia kwa huruma, kwa sauti ya mnadani. "Hata kwetu Kasindi hatuyaona mutu wa hivi. Walimuroga?"

"Ni mfupa," Provia alisema.

"Mufupa naota?"

Watu wakageuka. Kakuru, asiyesikia, aliwatabasamia wote kwa adabu, na Provia akatamani ardhi impasukie.

Ndani ya chumba cha picha mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kijana wa mashine alisimama nyuma ya ukuta wake akaita, "Muzee, usitikisike." Kakuru akageuza kichwa kumtafuta. Picha ikaharibika. "Muzee, nasema usitikisike!" Akageuka tena. Mara ya tatu watu kwenye benchi walikuwa wanacheka waziwazi. Provia aliingia, akakishika kichwa kile kwa viganja vyake viwili, akakinyoosha. Alikijua uzito wake. Kijana akamwambia atoke, mashine haipendi watu wawili, na mara ya nne picha ikatoka.

Daktari aliitwa Rusi, mwanamke wa Kikonzo mwenye miwani na sauti ya upole. Aliiweka picha kwenye taa, akamwashiria Provia asogee.

"Mama, wewe umepata kulima pamba?"

"Tumelima."

"Tazama basi." Mfupa wa kichwa ulikuwa mnene kupita kiasi, wenye madoa meupe, ungesema pamba iliyopasuka shambani. "Mfupa wa mtu kila siku inabomolewa kidogo na inajengwa kidogo. Kwa mzee, fundi amekataa kupumzika. Anabomoa haraka, anajenga haraka, tena anajenga ovyo. Naona ni ugonjwa wa Paget. Haiambukizi, na hakuna mutu amemroga. Kwa vitabu wanasema ni ya Wazungu, lakini ugonjwa haisomi vitabu."

"Inatibika?"

"Iko dawa ya kuingiza kwa mshipa, inamtuliza huyo fundi. Nitaandika barua mwende hospitali ya Mbarara, wapime damu wahakikishe, halafu wampe. Mfupa unaweza kuacha kukua." Daktari akalisogelea sikio la Kakuru, akasugua vidole kando yake. Kakuru hakugeuka. Akafanya vilevile upande wa pili. "Lakini masikio, mama, sitaki kukudanganya. Mshipa ukishabanwa hivi, kusikia hairudi. Itunzwe tu hiyo kidogo iliyobaki." Akachukua kalamu. "Mzee anafanya kazi gani?"

Kakuru aliona midomo ikimwelekea, akamtazama mkewe amjibie.

Provia alifungua kinywa aseme machimbo. Akilini aliuona ufunguo wa chumba, akamwona Ainembabazi na sanduku lake mlangoni mwa shule.

"Ni mkulima," alisema.

"Mungu asaidie," daktari alisema akiandika. "Ingekuwa kazi ya mashine au ya barabarani, ningeandika leo hii aache. Mutu hasikii hatari, hatari yenyewe haijui kwamba hasikii."

Nje, Kakuru alimshika mkono. "Amesema nini? Umekaa naye muda mrefu."

"Amesema iko dawa Mbarara," Provia alimjibu usoni, polepole. "Mfupa utaacha kukua."

"Na masikio?"

"Amesema yatunzwe."

Kakuru alifurahi, akamnunulia parachichi mbili njiani. Mficha maradhi, kilio humfichua, na Provia alikuwa ameficha mara mbili asubuhi moja: kwa daktari alimficha mgonjwa, kwa mgonjwa akamficha daktari. Parachichi yake hakuila.

*

Jumapili baada ya ibada Kakuru aliketi kizingitini akipaka viatu vyake dawa, mgongo kwa chumba. Helmeti ilikuwa kando yake.

"Mama Aine," alisema bila kugeuka, "lile tundu la tisa nalo linabana. Kesho unitobolee jingine kabla sijatoka."

Provia aliichukua helmeti, akautazama ukanda. Baada ya tundu la tisa ilibaki plastiki ya upana wa ukucha. Msumari ukigusa pale, ukanda ungekatika.

Alisimama nyuma yake, hatua tatu.

"Baba Aine," alisema.

Brashi iliendelea kwenda na kurudi.

"Baba Aine, nyumba inaungua."

Kakuru aligeuza kiatu, akatema mate kwenye ncha, akasugua.

Ndipo machozi yakamtoka, na maneno yakafuata. "Nimekudanganya," alimwambia mgongo ule mpana. "Daktari amesema masikio hayarudi. Nimemwambia wewe mkulima. Ocan ndiye anakutoa kule chini, si king'ora, na kesho Ocan hayupo. Mimi ndiye nimekutobolea matundu haya yote. Ningekuwa sijui kutumia msumari, ungekuwa umerudi nyumbani mwaka jana. Kesho nitakwenda kwa afande. Utanichukia, na utakuwa na haki, lakini utanichukia ukiwa hai."

"Hii rangi ya kahawia siku hizi ni maji matupu," Kakuru alisema, akikiinua kiatu kwenye mwanga.

*

Jumatatu alitoka kabla ya mumewe kuamka, helmeti kwapani ndani ya kanga. Tsongo, msimamizi, alikuwa langoni na orodha yake. Alikuwa mwanajeshi zamani, na ingawa jeshi lilimwachia siku nyingi, yeye hakuliachia, kwa hiyo kila mtu alimwita afande.

"Mama, simama hapo. Hii si soko."

"Afande, shikamoo. Nimeleta hii."

Tsongo aliipokea, akaipindua. Akakunja uso. "Nani ametoboa hii? Hii ni mali ya kampuni. Unajua sheria nasema nini?"

"Ni mimi. Hesabu, afande. Ni tisa."

Alihesabu kwa ukucha wa kidole gumba. Kisha akaacha kuhesabu, akamtazama.

"Kichwa yake inakua," Provia alisema. "Ni ugonjwa wa mfupa, tuna barua. Lakini si hiyo. Hasikii king'ora."

Wanaume waliokuwa kwenye mstari wa kuingia kazini waligeuka mmoja mmoja. Ocan alikuwa miongoni mwao, ameinamisha kichwa.

"Tangu lini?"

"Muda."

"Na nani alijua? Mutu hawezi toka kule chini bila kusikia. Nani nasaidia yeye?"

Provia hakumtazama Ocan. "Mimi peke yangu ndiye nilijua."

Tsongo alijua kwamba ni uongo, na alimwacha nao. Wakati huohuo Kakuru alitokea barabarani, nusu mbio, kichwa wazi. Hakuna aliyewahi kumwona kazini bila helmeti. Jua la asubuhi lilimpiga kwenye paji lile na shavu lile, na kijana mmoja akasema taratibu, "Mungu wangu." Kakuru aliona helmeti mikononi mwa msimamizi, akamwona mkewe, akaelewa nusu.

"Afande, mke wangu ameingiwa na hofu za bure," alisema akihema. "Iko sawa. Naomba hiyo nivae, kazi imechelewa."

Tsongo aligeuka, akampa mgongo, akasema kwa sauti yake ya gwaride: "Kakuru. Piga hatua moja mbele."

Kakuru alisimama akingoja, mikono ameikunja mbele, uso wa heshima.

"Kakuru. Hatua moja mbele."

Mstari mzima ulimtazama. Hakuna aliyecheka, ingekuwa afadhali wangecheka. Kakuru alianza kuona kwamba kuna jambo, macho yake yakakimbia kutoka uso huu hadi ule yakitafuta wa kumwambia, yakamfikia Ocan, na Ocan akaziba uso kwa kiganja.

Tsongo aligeuka tena. Alikitia kidole sikioni mwake mwenyewe, akakitikisa: hapana. Kisha akaonyesha barabara ya nyumbani.

Kwa Provia alisema chini, "Chumba mpaka mwisho wa mwezi, hiyo ni sheria. Nitauliza kwa stoo, kule mutu nahesabu magunia tu. Mimi hapana ahidi." Akaiweka helmeti kwenye meza ya langoni. "Lakini angekufa, mama, angekufa na jina lake kwa orodha yangu."

*

Nyumbani, Kakuru alikalia benchi nje ya mlango, akavuta sinia ya maharage mabichi, akaanza kumenya. Provia alikaa kizingitini, mbali kidogo, na kila alipojaribu kumtazama alikuta amegeuza uso. Majirani walipita polepole kuliko kawaida yao.

Saa saba king'ora kililia.

Kililia mara ya kwanza, kirefu, na kuku wakakimbilia chini ya mabati. Kakuru alimenya ganda moja, akatupa maharage siniani. Kililia mara ya pili. Mtoto wa jirani akaziba masikio. Kakuru alichukua ganda jingine, akalikagua kama lina funza. Kililia mara ya tatu, kikanyamaza, na katika kimya kile Provia alihesabu pumzi zake mwenyewe, akiiangalia mikono ya mumewe, vidole vinene vinavyofanya kazi taratibu, bila haraka yoyote duniani.

Kisha ardhi ikatikisika. Mabati yakalia, maharage yakaruka ndani ya sinia.

Kakuru alisimamisha mikono. Alitazama miguu yake, iliyokuwa imepokea habari, akatazama upande wa machimbo, ambako vumbi jeupe lilikuwa linapanda. Alilitazama vumbi lile muda mrefu. Kisha akamgeukia mkewe, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Kimelia?"

Provia aliinua vidole vitatu.

"Vyote vitatu? Kabla?"

Aliitikia kwa kichwa: ndiyo, vyote, kabla.

"Ocan," Kakuru alisema. "Lile bega." Akalishika bega lake la kulia, akauacha mkono ukiwa juu yake. "Nilikuwa namwambia aache utoto."

Kakuru aliisogeza sinia pembeni, akajivuta mpaka ukingo wa benchi, akaonyesha kigoda kilichokuwa mbele yake.

"Kaa hapa," alisema. "Hapa, nikuone midomo. Uniambie yote ya Bwera, usiache hata moja. Na polepole."

Provia aliketi, magoti yao yakagusana. Alijifuta uso kwa kanga, akainua kidevu ili mwanga umwangukie vizuri mdomoni.

"Baba Aine," alianza, "nimekudanganya."